Ngozi ya Ndama

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Maana yake, anayepima hatua hufika na vidole vizima. Mwenye pupa hubaki njiani akivipuliza.

Mukabaranga alitelemka kwa miguu kutoka Kibabi hadi Walikale akitafuta jina moja. Binti yake, Uwamahoro, alimpotea vitani akiwa na miaka minne. Sasa imepita ishirini na saba. Juzi tu ndipo aliposikia kuwa watoto waliookotwa wakati ule waliandikwa na karani Callixte katika kompyuta. Callixte alikwisha kufa. Kompyuta nayo iliunguzwa na radi, ikasalimika diski tu, yenye majina na programu aliyoitunga mwenyewe.

Fundi Delphin wa pale Walikale, mwenye vidole vyepesi kama kima, aliinakili diski ile katika kompyuta yake mpya. Nje, gari la kumpeleka kazini kwenye mgodi wa Bisie lilikuwa likimpigia honi.

"Mama, programu hii inajua mashini yake tu. Basi, kompyuta yangu itajifanya ile yenye ilikufa. Kila amri, itajibu vile ile ingejibu. Programu haitajua."

"Njo vile tunafanyaka kwa ng'ombe," alisema Mukabaranga. "Ndama ikikufa, tunajaza ngozi yake majani, tunaiweka mbele ya mama. Anailamba, maziwa inashuka. Lakini ukimukamua mbio, anapiga teke."

"Mama, hii si ng'ombe!" Delphin akacheka, akaiachia kompyuta mbio zake zote. Kioo kikawaka, kikazimika. Mara ya pili, kikazimika. Mara ya tatu, vilevile. Honi ikalia.

"Iko inapiga teke," mama akasema.

Delphin akaacha kucheka. Programu ile, kila ikiamka, ilipima kwanza mwendo wa mashine. Ikikuta mbio ambazo Callixte hakuziona maishani, hesabu yake ilivunjika. Akamwambia dereva aende zake. Kisha akapunguza mwendo, kidogo kidogo, mpaka kompyuta ikatambaa kama kinyonga.

Ti... ti... Herufi za kijani zikajiandika: "Karibu, Callixte. Umerudi?"

Delphin aliondoa mkono kama aliyeungua. "Mama, inaita mufu."

"Jibu ndiyo. Ndama ni ngozi, lakini maziwa ni ya kweli."

Akabonyeza. Majina yakashuka moja moja, kila moja na mlio wake, kana kwamba asiyeonekana anayachapa. Ndipo likaja: Uwamahoro, miaka minne, kovu la moto mkono wa kushoto. Amechukuliwa na Pétronille, mkunga, nyuma ya soko.

"Kovu ile?" Delphin alinong'ona. "Mama, ninaionaka kila asubuhi sokoni, kwa mkono wa dada mwenye kunipimia maharage!"

Mukabaranga alikuwa tayari mlangoni. Delphin aligeuka kufunga programu, akaona imemwahi: "Kesho, Callixte."

Nywele zilimsimama. Akamfuata mama, aliyekwenda taratibu kwa maumivu ya magoti, wala hakumhimiza. Alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake: mwenda pole hajikwai.