Banda la Kizaro Mbele ya Baraza

"Amri Tukufu ya Kuthibitisha Maana ya Banda, Matumizi Yake, na Mambo Yatokanayo": hilo ndilo jina lililotangazwa kwa mbiu ya mgambo katika mji wa Vumbuni, hapo zamani za Sultani Harubu, na waliolisikia kwa mbali wakadhani vita vimeingia.

Kumbe asili yake ilikuwa ndogo. Sultani alimtuma mtumishi shambani, akamwambia, "Niletee kilichomo bandani." Alitaka mahindi. Mtumishi, kwa kuogopa kupunguza, akaleta mahindi, mbuzi wawili, jembe, kuku aliyekuwa akiatamia, na mama mkwe wa msimamizi, aliyekuwa amejilaza humo akikimbia jua. Sultani akaghadhibika, ikawa amri: kila jengo liwe na kazi moja tu, na mwenyewe aitaje barazani. Likionekana na kazi mbili, libomolewe.

Basi alikuwako fukara mmoja, jina lake Kizaro, asiye na kitu ila mke, ng'ombe mwenye mimba, kuku mmoja, na banda. Ng'ombe hulala chini, mahindi hukaa darini, na kati yao hufuka moshi wa mavi makavu ya yule yule ng'ombe, ukifukuza mbu chini na fukusi juu. Ukimtoa ng'ombe, moshi hakuna. Na moshi ukikosekana, mahindi huwa unga kabla ya kuonana na kinu. Na masika yalikuwa mlangoni.

"Ukisema ni la ng'ombe, tutakufa njaa," akasema mkewe, Mwanapongwa. "Ukisema ni la mahindi, ng'ombe atazaa mvuani. Tafadhali, bwana, huko usiuachie ulimi wako."

"Nitakwenda nao, mke wangu. Peke yangu naogopa."

Akafika barazani alfajiri, akakuta watu wamejaa hata vizingitini. Jua likapanda, likasimama utosini, likaanza kushuka. Ndipo akaitwa mbele ya Sultani na Waziri Haithami, mtu aliyekohoa kabla ya kila neno ili lionekane limetoka mbali.

"Ewe Kizaro! Banda lako ni la kazi gani? Moja tu!"

"La kungojea, ewe Waziri."

"Kungojea nini?"

"Amri yauliza kazi, bwana wangu, haikuuliza habari. Ng'ombe angojea kuzaa. Mahindi yangojea kinu. Kuku angojea mayai, na mayai yamngojea kuku. Nami nikimuudhi mke wangu, hungojea humo hasira zake zipoe. Sijaona atendaye jingine."

Watu wakaangua kicheko. Waziri akakohoa kikohozi kirefu. "Upuuzi! Kungojea si kazi!"

"Basi hawa waliojaa humu tangu alfajiri wanafanya nini? Ikiwa kungojea si kazi, ukumbi huu watu wamekuja kukaa bure. Na ikiwa ni kazi, nawe bwana wangu wakohoa humu humu, basi kazi zimekuwa mbili. Mimi mnyonge naona huruma, maana masika yaja, na jengo kubwa kama hili kulibomoa si mchezo."

Sultani akageuka polepole.

"Haithami, jengo lenye kazi mbili amri yasemaje?"

"Li... libomolewe, Maulana."

"Na ukumbi wangu?"

Waziri akapanua kinywa akohoe, akakumbuka, akakifumba. Macho yakamtoka, uso ukamwiva, na kikohozi kikabaki ndani kikigonga kama mgeni aliyefungiwa mlango. Sultani alipomwona vile akacheka hata kilemba kikamwangukia mapajani.

"Kizaro," akasema alipopata pumzi, "rudi kwako. Wewe na mimi tuna majengo ya jinsi moja, ila lako lina maziwa."

Amri haikufutwa. Iliongezwa tu kwamba Vumbuni yako majengo mawili ya kungojea, na kwamba Waziri akitaka kukohoa, atoke nje. Juma lililofuata mvua ikanyesha, na ng'ombe wa Kizaro akazaa ndama jike, bandani, pakavu.