Liwa ya Zimwi

Hadithi inabisha, ifungulieni. Sogeeni, haya niliyapata uani kwa watu.

Bi Mize aliyachukia makunyanzi yake. Zimwi likampa liwa ya kujipaka. “Jisugue, shoga. Makunyanzi nitayabeba mimi.”

Akajipaka, paji likalainika. Akajipaka tena, macho yakanyooka. Akajipaka tena, uso mzima ukawa kama yai.

Akakimbilia kwa mamake, kipofu aliyewajua watu kwa kuwapapasa nyuso.

“Mama, ni mimi Mize.”

Kikongwe akampapasa. “Sauti umeiga vizuri, bibi. Mize wangu ana mikunjo ya kucheka wenzake.”

Zimwi likapenya, likainamisha uso wenye mikunjo ile yote. Kikongwe akaupapasa, akatabasamu.

“Umechelewa, mwanangu. Ingia tule.”

Mlango ukafungwa. Hadithi imeingia ndani, Mize yuko nje anapiga hodi.