Mize Aliyekataa Kusokota

Tegeni masikio, niwape habari za Mize, mjane aliyeishi kwa kusokota pamba.

Siku moja zimwi lilimjia mlangoni. "Nisokotee uzi wa wavu, nikanase majirani zako."

"Sisokoti."

Likameza mbuzi wake. "Sokota!"

"Sisokoti."

Likameza nyumba yake nzima. "Sokota!"

Mize alisimama palepale. "Nimesema sisokoti!"

Basi likammeza yeye na kikapu chake cha pamba.

Mle tumboni Mize akalia kidogo, akafuta machozi, akaanza kusokota. Na ule uzi ukawa kama una akili: ukafunga maini, ukafunga figo, ukaufunga moyo wa zimwi.

"Mwanamke, acha kusokota!" zimwi likalia.

"Siachi!"

"Nakufa!"

"Siachi! Tutapike!"

Zimwi likatapika. Nyumba ikatoka, mbuzi akatoka, Mize akatoka ameshika ncha ya uzi. Akauvuta kwa nguvu zake zote, zimwi likaanguka, likafa.

Majirani wakaja mbio. "Mize, kimbia! Ndugu zake watakuja kulipiza."

"Na waje," akasema. "Mikono ninayo."