Rangi Chini ya Randa

Isome polepole, si ndefu. Niliipata siku niliyokuwa nimechoka na kila kitu. Kama na wewe uko hivyo leo, basi imefika mahali pake.

Kulikuwa na seremala mmoja huko Lushoto, Fundi Shemhilu. Aliugua muda mrefu, kisha akapona. Daktari alisema hana tatizo tena. Lakini ulipona mwili tu, mwenyewe hakupona. Asubuhi alikaa kwenye kigoda nje ya karakana, na jioni ilimkuta palepale. Watu walileta mbao, wakasubiri, wakazichukua tena. Mkewe, Mama Nuhu, alimbembeleza, akaita wazee waje kumsemesha, mwisho akanyamaza. Kumbembeleza mtu wa namna hiyo kunachosha kuliko kulima.

Siku moja Fundi akasema, "Yule mnunuzi wa chuma chakavu akipita, mpe zile randa zangu. Sina kazi nazo tena."

Zilikuwa randa za chuma za zamani, alizofanyia kazi tangu ujana wake. Sasa zilikuwa zimeshika kutu, na vishikio vyake vya mbao vimepauka. Mama Nuhu alijua kwamba zikiondoka zile, mumewe hatainuka tena pale kwenye kigoda. Akaogopa kwelikweli.

"Sawa," akasema. "Ngoja nizisafishe kwanza. Tusiuze vitu vichafu."

"Fanya unavyotaka."

Akaketi mbele yake na kuanza. Alitoa kutu kwa msasa na mafuta ya taa. Vishikio akavipaka vanishi, na mwili wa randa akaupaka rangi nyeusi. Ilikuwa kazi safi. Fundi alitazama tu. Kisha Mama Nuhu akaigeuza randa, akachovya brashi, akaanza kupaka upande wa chini, ule unaoteleza juu ya ubao.

"Huko hakupakwi rangi," Fundi akasema.

"Kwa nini? Mbona ndiko kulikochakaa zaidi."

"Itanata kwenye ubao. Haitaranda."

"Kwani mnunuzi wa chuma chakavu ataranda?" Akaendelea kupaka, tena ovyo.

Fundi akafoka mpaka majirani wakachungulia. "Mjinga gani anapaka rangi chini ya randa? Lete hapa."

Akainuka, akampokonya. Akaifuta ile rangi mbichi, akasugua chini mpaka chuma kikang'aa, akanoa kisu cha randa. Na kwa kuwa huwezi kujua kama randa imekaa sawa mpaka uijaribu, akatafuta ubao. Akapitisha mara moja, maranda yakatoka membamba. Akapitisha tena. Mnunuzi wa chuma chakavu alipopita, Fundi alimwambia bila kuinua kichwa kwamba nyumba ile haina chuma chakavu.

Tangu hapo alirudi kazini, ingawa polepole. Siku moja akawa anamsimulia shemeji yake, kaka wa Mama Nuhu, huku akicheka. "Dada yako bwana, anapaka rangi chini ya randa."

Shemeji hakucheka. "Dada yangu? Randa zote za marehemu baba alizitunza yeye. Sisi wengine tulikatazwa hata kuzishika, tulikuwa tunaharibu."

Fundi alijua fika kwamba mkwewe alikuwa seremala. Hakuwahi tu kuuliza ni nani aliyemtunzia zana. Wanaume wengi hatuulizi.

Alirudi nyumbani, akamkuta mkewe anachambua maharage.

"Ulijua," akamwambia.

"Nilijua."

"Ukaniacha nikufokee na kukuita mjinga, majirani wanasikia."

Mama Nuhu aliendelea kuchambua. "Nilikuwa nimechoka kukubembeleza umekaa, Baba Nuhu. Nikaona heri unifokee umesimama."

Funzo: Aliyechoka usimchoshe zaidi kwa kumwambia ainuke. Mpe sababu ya kuinuka, hata ikibidi wewe uonekane mjinga kwa siku moja.