Mkono wa Kulia wa Dorimakho, Mfua Fedha wa Kelandra

Enzi ambazo hata babu za babu zetu walikuwa bado hawajazaliwa, hapa Kelandra, mji wa Wayunani uliobanwa kati ya mlima na bahari, aliinuka Dorimakho mwana wa Evagora, Dorimakho Mpasua Mwamba, aliyeuchimba mlima akatoa fedha, akafua sarafu yetu ya kwanza yenye nembo ya pweza. Nyundo yake iliwashinda wanaume wawili. Yeye aliinyanyua kwa mkono mmoja, wa kulia. Mnanisikia? Wa kulia! Msije mkaniuliza baadaye.

Akaweka sheria: mtu yeyote, hata ombaomba, ana haki ya kuikata sarafu kwa patasi aone ndani yake, na atakayefua sarafu bandia, mkono uliofua ukatwe.

Kisha maadui wakatuzingira. Fedha ikaisha mlimani, na wapiga mishale tuliowakodi kutoka ng'ambo wakaapa kwamba wasipolipwa watamfungulia adui lango. Wakalipwa, wakapigana, adui akatimua mbio. Mji ulicheza ngoma, wala hakuna aliyeuliza fedha ile imetoka wapi.

Melantho, mjane muuza samaki, akaikata sarafu aliyopewa na mpiga mishale mmoja, akapiga ukelele: "Jamani! Shaba! Ndani ni shaba tupu!" Salaale! Soko zima likapigwa na butwaa. Wengine wakakata zao: nyekundu, zote nyekundu. Wakaanza kumsaka mhalifu wamrarue.

Dorimakho akapenya katikati ya umati. "Mnayemtafuta ni mimi. Niliivika shaba nguo ya fedha ili watoto wenu wasiuzwe utumwani. Lakini sheria ni msumeno."

Melantho akamwangukia miguuni. "Baba, nisamehe! Ningejua nisingekata!"

"Ungekata, mama. Haki hiyo nilikupa mimi."

Loo, hata leo mwili unanisisimka! Hakuna aliyethubutu kushika shoka, basi akalishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akauweka wa kulia juu ya fuawe lake, chuma alichofulia sarafu, akaukata. Kisha akaingia katika shimo la mlima, hakuonekana tena.

Tangu hapo sarafu zetu zina pweza upande mmoja na kiganja upande wa pili. Na muuzaji wa Kelandra, kabla ya kuikata sarafu, husema kwanza, "Niwie radhi, Baba." Akishasema hivyo, anaikata.