Kiboko Aliyekataa Nusu

— Hadithi ije?
— Ije, tumekaa duara.
— Ikae wapi?
— Katikati, tuisikie sawasawa.

Basi paliingia kiangazi kikali. Nyasi zilikauka nchi nzima, zikabaki za uwanja mmoja tu kando ya chemchemi. Wanyama wote walikula pale, mpaka alipokuja Kiboko akasema uwanja ni wake. Akala asubuhi, nyafu nyafu. Akala mchana, nyafu nyafu. Akalala juu ya nyasi, na alipoamka akala hata hapo alipolalia.

Digidigi alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yalianza kumkauka. Akaenda kumlilia Pimbi, yule mnyama mdogo wa majabalini asiye hata na mkia. Pimbi akamhurumia. Akachukua kamba na kigingi, akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, mzee. Uwanja ni wako, lakini mpaka wake uko wapi? Akija Tembo akasema ni wake, utamwonyesha nini?"

Kiboko akaacha kutafuna. Hilo hakuwa amelifikiria. Akamwambia Pimbi apime.

Pimbi akapiga kigingi katikati, ko ko ko. Akafunga kamba, akaivuta ikanyooka, akazunguka nayo akichora chini kwa kijiti, krrr, mpaka akarudi alipoanzia. Likawa duara. Kiboko aliogopa kupunjwa, akamfuata nyuma, ti, ti, ti. Upande wa chemchemi akauliza kama kamba haijapungua. Ni ile ile, mzee. Upande wa jabali akauliza tena. Ni ile ile, mzee. Penye kichuguu akauliza tena. Ni ile ile, mzee. Pimbi akamweleza kwamba kutoka katikati hadi ukingoni, uelekee upande wowote, urefu ni mmoja.

"Na urefu huo unaitwaje?"

"Nusu kipenyo, mzee. Nikikufunga kwa kamba hii, popote mdomo wako utakapofika ni pako."

Kiboko akavimba. "Nusu? Mimi na tumbo hili, unipe nusu?"

Pimbi akaomba radhi. Akasema kipo kipenyo kizima, kinachotoka ukingo hadi ukingo kikipita katikati. Ni nusu mbili zilizoungana, na ndani ya duara hakuna mstari unaokishinda kwa urefu. Ila anayekitaka huapa kwamba hatakanyaga nje yake. Kiboko akaapa hapo hapo, mbele ya wanyama wote.

Pimbi akaleta kamba ya pili yenye urefu ule ule, akaziunga, akazikaza kwa vigingi ukingo hadi ukingo, akamvisha Kiboko kitanzi cha tumbo kinachoteleza juu ya kamba. Kiboko akaenda mbele, ti, ti, ti, akala mstari. Akarudi nyuma, ti, ti, ti, akala mstari. Kushoto nyasi, kulia nyasi, na kiapo kimemshika. Digidigi na mwanawe wakaingia upande mmoja, Pimbi na jamaa zake upande wa pili. Wakala wakanawiri, na maziwa yakarudi.

Kiboko akawa analamba vumbi, mbavu zimemtoka. Siku moja Tembo akapita, akamwonea huruma, akamwuliza kwa nini asitoke tu akale.

"Nitoke?" Kiboko akajinyoosha. "Niache mstari mrefu kuliko yote, nikagombanie vipande vya pembeni na akina Digidigi?"

Ngano imeshiba, naiacha ilale. Nanyi mliosikia, shikeni funzo: ukipewa nusu, kataa. Nusu ni ya watu wadogo. Dai kizima, ukonde kwa heshima.