Kwa Nini Aliyeharibu Huulizwa Kwanza: Ulikusudia?

Hapo kale, mawingu yalipokuwa bado yakibisha hodi kabla ya kupita, watu wa mlima huu hawakuwa na neno hata moja la jambo lililotokea bila mtu kulitaka. Walikuwa na majina ya aina kumi na mbili za maharage, na majina ya kila aina ya uvivu wa wanaume, lakini neno hilo hawakuwa nalo. Kwao, mkono uliotenda ndio uliotaka. Sheria ikaishia hapo.

Msidhani ilikuwa sheria ya mchezo. Mtoto aliyemwaga maziwa alichapwa sawasawa na aliyeyaiba. Mtu akikukanyaga njiani, ulimkanyaga. Naye, kwa kuwa sasa amekanyagwa, alikukanyaga tena. Kuna wazee wawili waliokutana asubuhi wakienda kulima, na jua likawachwea palepale, miguu imevimba kama mihogo, shamba halijaguswa. Na hakuna aliyeona kichekesho, maana ndivyo walivyolelewa.

Wakati huo aliishi mwanamke aitwaye Naghenjwa. Mumewe alikuwa ameshuka nyikani kutafuta chumvi, akamwachia vitu viwili: mtoto wa miezi saba na mama mkwe. Naghenjwa alimpenda mtoto. Na mama mkwe, aliyeitwa Nakijwa, hawakuwa wamesemezana tangu mavuno.

Mwaka ule mvua ilichelewa. Maji yote ya kijiji yalikuwa ndani ya ndiva, lile bwawa la udongo lililo juu ya mashamba, ambalo tundu lake la chini huzibwa kwa gogo refu linalochomoza hadi ukingoni. Gogo likichomolewa, maji hushuka kwa mfereji mkuu, na mwenye zamu huondoa bonge la udongo lililoziba mdomo wa mfereji wake ili yaingie shambani. Maharage yalikuwa yametoa majani mawili mawili, yanangoja. Siku mbili zilibaki kabla ya zamu ya kwanza, na kila mtu alikuwa akiyatazama maji yale kama mgonjwa anavyotazama uji.

Naghenjwa akapanda ndivani na kibuyu, mtoto mgongoni. Ukingo ulikuwa na utelezi. Mguu ukaenda! Akajiona anaanguka kichalichali, na wa kumlalia ni mtoto. Mkono wake ukashika kitu cha kwanza ulichokipata, nacho kilikuwa gogo. Yeye akasimama. Gogo likatoka.

Jamani, maji! Yalitoka yakinguruma kama fahali aliyekatiwa kamba. Naghenjwa alipiga yowe lililovuka mabonde mawili, akamfungua mtoto, akamlaza majanini, akarukia kwenye tundu na kuketi ndani yake. Ndiyo, aliketi! Maji yalimsukuma, yakamchapa mawe mgongoni, naye akakaza miguu, akakaa. Watu walipofika mbio na majembe yao, walimkuta palepale, meno yanagongana, nusu ya maji iko nyuma ya mgongo wake na nusu imeshapotelea bondeni.

"Sikutaka!" alilia. "Jamani, sikutaka!"

Watu wakatazamana.

"Kama wewe hukutaka," mmoja akauliza, "aliyetaka ni nani? Gogo?"

Wakamtoa, wakarudisha gogo. Senzia, mkuu wa mlima, hakuhitaji hata kukaa chini ili atoe hukumu. Mwizi wa maji hushushwa nyikani peke yake, akasema, na kabla jua halijazama awe ameondoka. Mtoto ni wa ukoo, atabaki. Wakamwokota mtoto majanini, wakamweka mikononi mwa bibi yake.

Naghenjwa hakulilia nyika, wala simba wake. Alimtazama mtoto, naye mtoto alikuwa anatafuta ziwa kifuani kwa bibi asiye na maziwa. Hilo ndilo alilolilia.

Wote wakamgeukia Nakijwa wakingoja atabasamu. Nakijwa akampigapiga mtoto mgongoni, akauliza, "Nani kati yenu amekwenda kuutazama mfereji wa huyu mwanamke?"

Wakageuza macho kuelekea mashambani.

"Mimi huyu simpendi," akasema. "Makande yake yanavunja meno, na hujibu kabla hajaulizwa. Lakini leo mjinga si yeye. Mkuu, nakuuliza wewe uliyezeeka na maji haya: mwizi wa maji hufungua nini kwanza?"

Kila mtoto wa mlimani alilijua jibu. Mwizi hufungua kwanza mdomo wa mfereji wake, ndipo apande kuchomoa gogo. Vinginevyo ataiba ya nini?

Lo, mbio zilizopigwa pale! Waliteremka mlima kwa kusukumana, wazee mbele, majembe juu, mkuu amesahau fimbo yake ndivani. Wakafika shambani kwa Naghenjwa. Bonge la udongo lilikuwa palepale mdomoni mwa mfereji, kavu, limepasuka kwa jua, na buibui amefuma utando wake juu yake. Maji yaliyofurika mfereji mkuu yalikuwa yamepita pembeni na kung'oa maharage yake yote, mizizi inatazama mbinguni. Hakuna shamba lililoharibika kama lile.

"Haya," akasema Nakijwa, aliyefika wa mwisho akihema. "Mwizi gani huyu aliyejiibia? Na anayetaka maji yaende, huyakalia?"

Senzia akachuchumaa, akagusa utando wa buibui kwa ncha ya kidole. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayetafuna kitu asichowahi kukila: "Mkono umetenda. Moyo haukuwepo."

Kumbe kuna jambo la namna hiyo! Mlima mzima ukalipuka. Kila mtu alikuwa na lake alilolibeba miaka. "Yule mbuzi wako, mimi nilipitiwa tu na usingizi!" "Na mimi ule uzio, sikujua kwamba ni wako!" "Shoka liliniponyoka, ndugu yangu, liliniponyoka!" Watu wazima wakalia huku wanacheka. Mzee Kadeghe naye, alipoona upepo ni mzuri, akasema kwamba ng'ombe wa jirani aliingia zizini mwake kwa bahati mbaya.

"Miaka mitatu?" Nakijwa akamuuliza. "Na maziwa yake, unayanywa kwa bahati mbaya?"

Kadeghe akarudisha ng'ombe jioni ileile.

Mkuu akaamuru maji yaliyobaki yagawanywe, kila mtu nusu ya fungu lake, na ukingo utengenezwe na wote, Naghenjwa akiwa wa kwanza kushika jembe. Nakijwa akamfuata alipoketi kando ya mfereji, akamtupia mtoto mapajani.

"Mshike mwanao, ananing'ata. Na wewe mwanamke, ukitaka kuteleza tena, telezea kwenu."

Na tangu siku hiyo, mtu akiharibu kitu, haanzi kwa kuchapwa, huulizwa kwanza, "Ulikusudia?" Naye ana ruhusa ya kusema alipitiwa, aliteleza, hakujua, ni bahati mbaya. Lakini wenye akili hawamsikilizi mdomo. Hutazama alikimbilia wapi: kwenye tundu, au nyumbani kwake.